Kiti cha Meza ya Dirisha

Mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kupanda kilima, na tangu siku ile sikuacha kuwatangulia watu. Kwetu Masisi, karibu na Lushebere, nilikuwa wa kwanza kung'oa maharagwe shambani, mara nyingine yakiwa bado mabichi, na shuleni kwa mapadri nilichapwa kwa kujibu maswali ambayo mwalimu alikuwa hajamaliza kuuliza. Kwa hiyo aliyenijua utotoni angecheka kusikia kwamba ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yangu niliupata kwa kusimama tu nyuma ya kiti, kimya, kama mtu aliyepigiliwa misumari.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado ukitajwa kwa kunong'ona. Nilikuwa nimeshuka kutoka Masisi kwenda Walikale kutafuta kazi, nikapata ukarani katika kambi moja ya mgodi wa kasiteriti, yale mawe yanayotoa bati: kupima magunia, kuandika uzito, kugombana na wapagazi. Kwetu mtu akifungua mlango asubuhi huona vilima kumi na moshi wa kila jirani. Walikale sikuona kitu ila miti. Mwezi wa kwanza nilijiona kama kuku aliyefunikiwa kikapu. Mvua ilinyesha kila alasiri, nguo hazikukauka, na wenyeji, wakulima wa msituni na wawindaji, walinicheka nilivyotembea macho chini nikiogopa nyoka. Waliniita mutu wa mulima. Nami niliwajibu kwamba wao hawajawahi kuliona jua zima tangu wazaliwe.

Kilichoniokoa ni serkle. Ndivyo tulivyoliita jumba la mapumziko la wafanyakazi, chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, ambamo kila Jumapili baada ya misa tulicheza karata mpaka jua linapoinama. Mchezo wetu ulikuwa wa watu wanne, wawili kwa wawili: anayekutazama usoni ndiye mwenzako, na walio kulia na kushoto ndio adui zako. Fedha ilikuwa marufuku, padri alikuwa ameapa kulifunga jumba akiona hata sarafu moja mezani, kwa hiyo tulichezea maharagwe. Maharagwe yenyewe yalitoka Masisi, na nilijivuna kwa hilo kana kwamba yote niliyapanda mimi.

Meza zilikuwa tatu. Meza ya mlango ilikuwa ya wageni na ya watu waliokuja kunywa zaidi kuliko kucheza. Ya katikati ilikuwa ya wanaojua. Ya tatu ilikaa chini ya dirisha kubwa, penye hewa na mwanga, na aliyeketi pale alionekana na kambi nzima iliyokuwa ikipita nje na nguo zake za Jumapili. Hakuna aliyejipeleka meza ya dirisha. Ulipelekwa.

Nimekaa mahali pengi tangu wakati ule, hata katika ofisi za serikali zenye viti vya ngozi, lakini sijaona tena mahali ambapo kukaa kulikuwa na adabu kama pale. Ulipoingia ulivua kofia, ukamwendea mzee mmoja, katekista mstaafu mwenye jicho moja zima, ambaye tulimwita Papa wa Chaki. Yeye ndiye aliyeshika ubao. Aliandika jina lako chini ya majina mengine, nawe ukaenda kungoja kwenye benchi, si nyuma ya migongo ya wachezaji ukiwapumulia shingoni. Nafasi ikipatikana meza ya juu, aliyeongoza kwa maharagwe katika meza ya chini yake alihamishwa, atake asitake. Alibeba maharagwe yake yote. Ukiacha punje moja nyuma, au ukitia moja mfukoni, ulionekana mwizi, maana waliokupatia maharagwe yale wana haki ya kujua umeyapeleka wapi.

Tena kulikuwa na hili, ambalo wageni walilisahau siku zote: ukifika meza mpya huketi. Unasimama nyuma ya kiti kitupu, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, mpaka mkubwa wa meza ile akivute kwa mkono wake na kukuambia kaa. Walioketi tayari wana haki ya kuchagua kwanza. Mmoja wao akikitaka kiti kile kitupu, anahamia, nawe unachukua atakachoacha. Kiti huvutwa, hakiinuliwi. Miguu yake isitoke chini, la sivyo mwenye kukiinua anafungiwa mwezi mzima. Na mtu akitaka kuhama meza kwa hiari yake, husema mzunguko ukiisha, na haulizwi sababu.

Sheria hizo alizitunga mtu mmoja, kapita wa maseremala, yaani msimamizi wao. Zamani, kabla sijafika, watu walikuwa wakigombea viti, wakivitupiana, na kila Jumatatu yeye alikuta kazini rundo la miguu iliyovunjika. Alikasirika akatangaza kwamba hatatengeneza tena hata kigoda mpaka watu wajifunze kukaa. Basi wakajifunza. Alikuwa mtu wa msituni hasa, mrefu, mikono mipana, mkristo wa kwenda misa kila Jumapili, ingawa kulikuwa na siku alipotea porini na wazee wenzake na hakuna aliyemuuliza walifanya nini huko. Alikuwa mkubwa wa meza ya dirisha. Hakusema sana. Na alikuwa na binti.

Binti yule alikuja siku moja kwenye banda langu la mizani kuomba magunia makuukuu. Nikamwambia hakuna. Akaketi juu ya gunia lililojaa, akakunja mikono, akasema, "Basi, nangojea." Nikapima magunia mawili, matatu, naye yupo. Mimi nisiyejua kungoja nilishindwa kabla ya gunia la nne. Nilimpa magunia matano na kamba ya kuyafungia, na aliposhuka kwenye njia nilijua nimekwisha.

Sitasimulia miezi iliyofuata, haimhusu mtu. Itoshe kusema kwamba yeye alinitaka nami nilimtaka, nikaandika barua kwa baba yangu, na baba akamtuma mjomba na mbuzi, akatembea siku nyingi kwa miguu mpaka Walikale. Kapita akawapokea mbuzi, akawafunga nyuma ya nyumba, akampa mjomba chakula kizuri, akasema, "Nitajibu." Mjomba akarudi Masisi. Miezi minane ikapita bila jibu.

Kwa watu wa nyumba ile, aliyeposa hawezi kuketi mbele ya baba wa msichana mpaka baba mwenyewe ampe kiti kwa mkono wake na kumwita mukwe. Kabla ya hapo wakikutana njiani, kijana huingia majanini mzee apite. Ukiketi mbele yake bila kupewa, umemtukana, na posa imekufa, mbuzi wanarudishwa. Na kinyume chake, mzee akikalia kiti chenye joto la mwili wako, hapo amekubali, hata kama hajafungua mdomo. Vijana wa huko walijaribu ujanja huo tangu zama, wakiwaachia wazee vigoda vyao vya moto, ndiyo maana kila mzee mwenye binti alikuwa na tabia ya kupindua kigoda na kukipuliza kabla ya kuketi.

Basi nikawa mtu wa majanini. Nilikuwa karani, nina viatu, najua Kifaransa cha kutosha kumjibu mzungu, na kila nilipoona kofia ya kapita ikija nilijitupa kwenye magugu kama sungura. Wapagazi walicheka mpaka wakatua mizigo. Kisha ikaja barua ya baba: kama jibu halijatoka kabla ya mavuno ya maharagwe, mjomba atakuja kuwachukua mbuzi, na yeye baba amekwisha ona msichana mwingine upande wa Kashuga, mwenye adabu na wazazi wanaojua kujibu. Mavuno yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Sasa elewa shida yangu ya Jumapili. Nilikuwa mchezaji mzuri wa karata. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu waliokuwapo wengi wamekufa na hawawezi kunibishia. Nilikuwa na kichwa cha kukumbuka kila karata iliyopita. Ningeweza kupanda meza ya dirisha mwaka wa kwanza. Lakini kule dirishani alikaa kapita, na baada ya posa, kukaa meza nyingine nikimpa mgongo hakukuhesabiwa, bali kufika mezani kwake kulikuwa ni kuketi mbele yake. Kwa hiyo nilianza kujiangusha. Kila nilipokaribia kuongoza meza ya katikati nilitupa mfalme mahali pa kutupa takataka, nikajitia hamnazo, nikasema ah, nimesahau. Maharagwe yakaenda. Wenzangu walionitazama kwa mbele walinilaani. Jumapili baada ya Jumapili, kwa miezi minane, nilishindwa na watu ambao hawakuweza kuhesabu vidole vyao. Usiku sikuweza kulala kwa hasira. Hakuna kitu kichungu kama kushindwa na mjinga ukijua.

Aliyeniponza, au aliyeniokoa, alikuwa karani wa stoo. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha mbuzi, na Jumapili ile aliketi kulia kwangu. Nilikuwa nimetupa karata moja nzuri, kwa makusudi kama kawaida, naye akavuta maharagwe yangu upande wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Batu ba Masisi banajuaka kulima maharagi. Kuchunga, hapana. Ni sawa na banamuke babo."

Watu walicheka: eti hatujui kutunza maharagwe, wala wanawake wetu. Kila mtu alijua habari ya mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba ya kapita. Nikatazama meza, nikaona yale maharagwe mekundu ya kwetu, yaliyopaliliwa na akina mama zangu kwenye miteremko ambayo huyu mtu hajawahi kuipanda, yamelala mbele ya tumbo lake. Damu ikanipanda. Sikufikiri kuhusu kapita, wala posa, wala mavuno. Nilisema tu, "Gawa."

Nikacheza. Ee, nilicheza! Miezi minane ya karata nilizozimeza zilitoka zote. Nilijua ana karata gani mkononi kabla hajazipanga. Alitoa kumi, nikamvunja. Alificha mfalme, nikamtoa mafichoni kama panya. Mwenzangu mbele yangu, fundi wa pampu, aliacha kunilaani akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa furaha. Karani wa stoo alitoa jasho. Alibadili namna ya kushika karata, akabadili kofia, akaomba maji. Rundo langu likakua mpaka nikalazimika kuweka mkono lisimwagike. Alipobakiwa na punje chache tu nilimwambia, "Chunga hizo," na nikazichukua pia.

Nilikuwa bado nacheka wakati mtu alipokuja mlangoni kumwita dereva. Lori lilikuwa limekwama mtoni na mzungu anapiga kelele. Dereva aliinuka kutoka meza ya dirisha, akawapa wenzake mkono, akaondoka na kofia yake. Papa wa Chaki akatazama ubao kwa jicho lake zima. Akatazama rundo langu. Kisha akaita jina langu.

"Karani, ni weye njo wa kwanza. Beba maharagi yako, enda ku dirisha."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilitazama. Kiti alichoacha dereva kilikuwa ndicho kinachomwelekea kapita, uso kwa uso, kiti cha mwenzake.

Fundi wa pampu aliniinamia akanong'ona, "Sema uko mugonjwa." Ilikuwa njia. Kukataa kuhamishwa kulikuwa na adhabu ya kushushwa meza ya mlango, ni aibu, lakini aibu haiui. Ningeweza kushika tumbo nikatoka. Kesho ningerudi majanini, na baada ya wiki tatu mjomba angekuja kuwafungua mbuzi. Nilijiona nikiwa nimeshika tumbo, na karani wa stoo akicheka kicheko chake cha mbuzi. Nikapiga moyo konde. Nikakusanya maharagwe yangu kwenye kofia, yote, nikaokota hata punje moja iliyokuwa imeanguka karibu na mguu wa meza, nikavuka chumba.

Sikuketi. Nilisimama nyuma ya kiti kama sheria inavyosema, mkono mmoja juu ya mgongo wake, kofia ya maharagwe katika mkono wa pili, macho yangu kwenye mbao za meza. Nilitumaini kwamba mmoja wa wawili waliokuwa pembeni atachagua kiti kile, nami nipate cha ubavuni. Mmoja alitazama paa. Mwingine alifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Hakuna aliyependa kuingia katika jambo lile.

Kapita alikuwa na karata mikononi, hazijagawiwa. Hakunitazama. Alizichanganya. Akazichanganya tena. Kwa mchezo wa watu wanne watatu hawachezi, na mkubwa wa meza asipovuta kiti, meza imekufa. Nje, watu waliokuwa wakipita walianza kusimama dirishani. Kwanza wawili, kisha mama mmoja na kapu lake kichwani, kisha sijui wangapi. Meza ya mlango waliacha kunywa.

Baadaye watu walisema nilikuwa nimepanga yote. Uongo. Sikuwa nimepanga hata kupumua. Lakini nikiwa nimesimama pale, kitu kilinijia polepole: nilikuwa mahali pangu. Sijaketi mbele yake, kwa hiyo mila sijaivunja. Sijakataa kuhama, kwa hiyo sheria ya jumba sijaivunja. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane mimi nilikuwa nimemaliza yangu yote, na aliyebaki na jambo la kufanya ni yeye.

Naye alijua. Aliweka karata chini, akasimama, akakusanya maharagwe yake kwenye kofia, akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu jumba lijengwe.

"Nahama."

Ilikuwa haki yake, na haulizwi sababu. Akapita karibu nami bila kunigusa, akaenda meza ya katikati. Watu wakampisha. Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilidhani yamekwisha, ameondoka mbele yangu kama mtu anavyoondoka mbele ya kinyesi. Lakini alipofika kule alisimama, na chumba kizima kikaona alichokiona. Katika jumba lote palikuwa na kiti kitupu kimoja tu zaidi. Kilikuwa kile nilichotoka kukikalia mimi, kutwa nzima, nikitoa jasho.

Mkono wake mtupu ulishuka, kwa mazoea, kukishika kiti akipindue apulize joto litoke.

"Papa Kapita," Papa wa Chaki akasema kwa upole, chaki imeinuliwa, "kiti banavutaka. Habainuwake."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni yule mama wa kapu dirishani. Kisha wote, meza zote tatu, fundi wa pampu akijipiga mapaja, hata karani wa stoo. Mtu aliyetunga sheria alikuwa amesimama katikati ya sheria zake, kofia ya maharagwe mkononi: kule ni kiti cha mukwe chenye moto, huku ni mukwe aliyesimama. Mimi sikucheka. Niliogopa kwamba kicheko kile kitamfanya atoke nje kabisa, na akitoka, hatarudi kwangu kamwe. Nilimwona akitazama mlango. Nilimwona akipima.

Akageuka. Akarudi meza ya dirisha polepole, akasimama upande wake, nami upande wangu, meza katikati yetu. Na kwa mara ya kwanza tangu mjomba alete mbuzi, alinisemesha.

"Sababu ya nini unajiangushaka?"

Sikuelewa mara moja.

"Mwezi munane nakuona," akasema. "Niko hapa, naona meza yote. Una mufalme mu mikono, unamutupa. Kila Jumapili. Unafikiri mi niko kipofu?"

Ningeweza kusema uongo. Ningeweza kusema heshima, Papa, ni kwa heshima. Ulikuwa mdomoni tayari. Lakini nilikuwa nimechoka na kutupa wafalme.

"Nilikuwa nakuogopaka, Papa."

"Na leo?"

"Leo pia niko nakuogopa." Nikakaza mkono juu ya mgongo wa kiti. "Lakini sirudi ku meza ya katikati."

Alinitazama. Nami, bila kujua nafanya nini, nilikuwa nimeinua macho na kumtazama usoni, jambo ambalo kijana wa majanini hafanyi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Nilikuwa nangojea siku ile utaacha," akasema. "Mutu anatupa mufalme sababu anaogopa baba wa binti, kesho atatupa binti sababu anaogopa mutu mwingine. Mutu wa namna ile, mi namupatiaka kapu ya mihogo ya njia, halafu anarudi kwabo."

Kisha akaweka kofia yake mezani. Akazunguka meza, akafika upande wangu, akashika mgongo wa kiti pale pale mkono wangu ulipokuwa, mkono wake mpana ukiugusa wangu, akakivuta. Miguu minne ya kiti ilikwaruza sakafu, na sijasikia tena maishani mwangu sauti tamu kama ile.

"Kaa, mukwe."

Mama wa kapu alipiga vigelegele. Nje wakavidaka, vikapanda njia mpaka nyumba za maseremala, na nikajua vimemfikia aliyestahili kuvisikia kabla sijakunja magoti. Niliketi. Nilikaa juu ya kiti kile kama mtu aliyepewa Masisi yote na Walikale juu yake. Fundi wa pampu alikuwa amekwisha anza tena wimbo wake wa kanisani, na Papa wa Chaki aliandika jina langu kwenye meza ya dirisha kwa herufi kubwa kuliko za wengine, jambo ambalo nalo lilikuwa kinyume cha sheria, na hakuna aliyemkemea.

Tukacheza, mimi na yeye, uso kwa uso, wenzi. Nilikuwa nimelewa furaha kiasi kwamba katika mzunguko wa pili kabisa niliharibu. Yeye alikuwa ameshashinda mkono ule, karata yake ikiwa juu ya zote, na mimi, kwa kuduwaa, nikaitupia turufu yangu bora juu yake, nikaipoteza bure.

Kapita aliweka karata zake chini. "Weye!" akafoka. "Una kichwa ao una kibuyu? Niko nashinda, unanipiga ya nini? Mi njo adui yako? Tazama meza, mutoto, tazama meza! Mwezi munane unatupa makusudi, sasa unatupa kwa upumbavu!" Akaendelea, mikono hewani, akanitukana karata kwa karata tangu mwanzo wa mzunguko, mbele ya dirisha lililojaa watu, jinsi baba anavyomtukana mtoto wake mwenyewe, bila kuchagua maneno. Nilikaa nimeinamisha kichwa, nikimwomba Mungu mzee yule asinyamaze.